Isidore Bado Anasema

Jumatatu, 14 Septemba 1981

Leo saa nane mchana imenyesha mvua ya kwanza, na mimi nimeanza daftari hili kwa hasira. Ni daftari la vipimo, lenye jalada gumu. Nililitunza kabatini kwa ajili ya kazi moja kubwa kabla sijastaafu mwezi wa kumi na mbili. Kazi kubwa imekuja, na amepewa mtu mwingine.

Chef Philémon, mkuu wetu, alitukusanya wapimaji wote wa ofisi. Alisema kuna mashine inakuja kutoka Kinshasa, inapima ardhi kwa kusikiliza setilaiti za jeshi la majini la Marekani, zile zinazoonyesha meli njia. Hakuna tena mnyororo wa kupimia, hakuna kupanda vilima na teodoliti, darubini yetu ya pembe, begani. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Nilinyoosha kola ya abakosti, koti langu la kazini, maana nani mwingine? Miaka thelathini naipima Kivu hii. Chef akakohoa, akasema mashine itaendeshwa na Citoyenne M'Birindwa.

Hilo ndilo jina lake la kazini, Citoyenne yaani Mwananchi. Serikali imetukataza majina ya ubatizo, lakini daftari ni langu, kwa hiyo humu ataitwa Colombe. Ana miaka thelathini na mmoja. Ni mchoraji wa ramani. Jedwali za hesabu nilimfundisha mimi. Hata kunoa penseli nilimfundisha mimi. Watu walipiga makofi, nami nikapiga, kama mtu anayeua mbu.

Nyumbani Agathe, mke wangu, aliniona nimeshika tonge bila kulitia kinywani.

"Papa, utakula bugali, ama utaendelea kutafuna ile jambo ulitoka nayo ku kazi?"

Nililirudisha tonge sahanini. Nikaja kuandika.

Alhamisi, 17 Septemba

Mvua. Colombe amenisalimia mara mbili. Nimejibu mara moja.

Jumanne, 22 Septemba

Mashine imefika. Ni sanduku tu, la ukubwa wa valizi ya safari, na antena ya kusimika juu ya miguu mitatu. Imeletwa na injinia mmoja, Aloys, mzaliwa wa Kindu, kijana wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa kuliko hali ya barabara zetu.

Alitueleza hivi. Setilaiti tano zinapita juu yetu, kila moja inaizunguka dunia nzima kwa muda usiofika saa mbili. Kila moja hutangaza kwa redio mahali ilipo. Inapokaribia, sauti yake iko juu. Ikishapita inashuka, kama honi ya lori linalotupita pale Nyawera. Mashine inasikiliza jinsi sauti inavyoshuka, inatoa utepe wa karatasi wenye namba, na kutoka kwenye namba hizo mtu anahesabu mahali aliposimama yeye. Zikipita mara nyingi, hesabu inakaza.

Niliuliza swali, ili wajue kwamba nipo.

"Na kama satelite inadanganya mahali iko?"

"Haiwezi, Papa Évariste," Aloys alicheka. "Basoda ba Marekani, benye iko yao, kila siku banaikumbusha mahali iko."

Watu wakacheka pamoja naye. Colombe hakucheka. Aliliandika swali langu kwenye karatasi yake, jambo lililoniudhi zaidi.

Kisha Aloys akampa orodha ya saa ambazo kila setilaiti itapita, nayo ikawa na namba tupu. Colombe akasema namba zinamchanganya, na kwa kuwa sisi watu tumenyang'anywa majina ya ubatizo, basi angezipa setilaiti. Akazibatiza Rosalie, Adolphine, Emérence na Eulalie. Ya tano, inayopita asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, wakati betri ya gari ina nguvu, akaiita Isidore.

"Huyu iko mutakatifu wa balimaji," alisema. "Atatusaidia ku mashamba."

Ofisi nzima ilicheka, hata Chef, ambaye hucheka kwa kibali. Nilicheka na mimi, kisha nikajichukia njia nzima mpaka nyumbani Nguba.

Jumatano, 30 Septemba

Mvua ya mawe. Aloys amerudi Kinshasa. Colombe anakula chakula chake cha mchana karibu na sanduku lile, kama mama mwenye mtoto mchanga.

Jumapili, 4 Oktoba

Baada ya misa Agathe alizungumza na Colombe mbele ya kanisa, nusu saa. Akarudi akisema: "Ule mama iko na heshima sana. Anasema weye njo ulimufungulia macho." Nilimwambia afunge mwavuli, mvua imekwisha.

Jumanne, 6 Oktoba

Ufunguo wa sanduku la posta la ofisi ninao mimi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nachukua barua, nazifungua, naziandika kwenye rejista, nampelekea Chef. Leo kulikuwa na bahasha moja kutoka kwa Aloys.

Niliisoma nimesimama kwenye ngazi za posta. Inasema kwamba setilaiti ya tano kwenye orodha imestaafishwa na wenyewe. Bado iko juu, bado inatangaza, lakini wanajeshi hawaikumbushi tena mahali ilipo. Inarudia maneno ya zamani. *Msiitumie hata mara moja.*

Ya tano ni Isidore.

Mwanzo nilicheka peke yangu. Swali langu! Swali lile lile walilolicheka! Nilitaka kukimbia ofisini nikamwekee Chef barua mezani, nimwangalie usoni. Nimefika Place, uwanja wa katikati ya mji, miguu ikapunguza mwendo. Nikifika na barua, Colombe atafanya nini? Atachora mstari juu ya Isidore, atasema "aksanti, Papa", na kazi yake itakuwa safi zaidi. Nisipofika nayo, atahesabu kwa kutumia mwongo, atapotea, mashine itarudishwa Kinshasa, na Chef atakuja mezani pangu kwa upole.

Sikuiandika kwenye rejista. Nimeitia mfuko wa ndani wa koti. Sitajificha katika daftari langu mwenyewe: si kwamba nimesahau, ni wivu. Kama kweli ana akili kama wanavyosema, basi agundue mwenyewe.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mvua. Barua iko mfukoni.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mvua. Barua iko mfukoni. Colombe ameniuliza kama posta kuna kitu. Nimesema hakuna kitu.

Alhamisi, 15 Oktoba. Nyantende

Tuko Nyantende, kazi ya kwanza ya mashine. Kuna shamba kubwa la kwinini, na mwenyewe anayeishi Kinshasa anataka karatasi zake ziwe tayari kabla ya sikukuu ya serikali, tarehe 24 Novemba. Hati yake inataja mpaka kwa namba tu. Kazi ya mashine ni kusema namba hizo zinaangukia wapi kilimani.

Mpaka huo naujua kuliko vidole vyangu. Mwaka 1957 niliupima mimi, nikajenga mimi borne, ile nguzo ya saruji inayosimama hadi leo juu ya mfereji. Mbelgiji mkubwa wangu alikuwa amekaa chini ya mwavuli. Nilipima mimi, akasaini yeye. Ramani yake ilipotea mwaka 1967, mamluki walipouteka mji, na sasa mwenye shamba anasema nguzo haina karatasi, na kwamba wanakijiji waliihamisha usiku. Nani anaweza kuihamisha nguzo ile? Niliipa saruji kama ya daraja.

Kilimani, juu zaidi ya nguzo, upande wa wanakijiji, anakaa mjane mmoja anaitwa Cibalonza, na nyumba yake na migomba yake mia na zaidi. Baba mkwe wake alimpa chifu ng'ombe wa kalinzi, malipo ya ardhi, kwa ajili ya kilima hicho, mbele ya mashahidi, na kwa Bashi, watu wa huku, mtu akishatoa kalinzi, ardhi ni ya ukoo mpaka mwisho wa dunia. Yeye ndiye aliyetupa uwanja wake tusimike hema. Alituletea viazi vitamu na maharage. Colombe alipewa kiti. Mimi nilipewa kinu kilichogeuzwa.

"Mashini yenu inaangalia nini kule juu?" Cibalonza aliuliza.

"Inasikilizaka, maman. Iko satelite inapita," Colombe alijibu.

"Na inajua kilima yetu?"

"Haiijue. Inajua mahali yake yenyewe tu. Ingine yote ni sisi tunahesabu."

"Basi muhesabu muzuri," Cibalonza alisema, akamwongezea kiazi.

Saa nne kasoro Isidore alipita. Hakuonekana, mawingu yalikuwa yamelala juu ya kilima. Mashine ilitoa utepe wake, na Colombe akaandika, penseli imenolewa kama nilivyomfundisha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Nililishika koti langu kifuani muda wote.

Ijumaa, 16 Oktoba

Isidore mara mbili. Betri ikafa kabla ya Rosalie.

Jumamosi, 17 Oktoba

Isidore mara mbili. Eulalie mara moja. Mvua.

Jumatatu, 19 Oktoba

Isidore mara mbili. Wale wengine wanne mara moja moja. Cibalonza amemletea Colombe maziwa. Mimi sipendi maziwa, lakini angeniuliza.

Jumatatu, 26 Oktoba

Matokeo yametoka. Colombe alihesabu siku nne, akarudia mara mbili. Mpaka mpya unapita kilimani, mita sabini juu zaidi ya nguzo yangu. Nyumba ya Cibalonza na migomba yote imeangukia ndani ya shamba la kwinini.

Nilidhani ataaibika. Nilidhani namba zitakuja za kichaa, zitamweka katikati ya ziwa, watu wacheke. Sikujua kwamba mwongo mmoja akichanganywa na wakweli wanne anatoa jibu linaloonekana la heshima. Chef alimpa Colombe mkono. "Mita sabini," akasema, "bale batu ba kijiji balisukuma borne mita sabini!" Mpiga chapa akapiga barua siku ileile: Cibalonza aondoke kabla ya tarehe 17 Novemba.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Agathe kapika samaki wa ziwa, wale wadogo. Sikula.

Alhamisi, 29 Oktoba

Nimejaribu. Na iandikwe hapa kwamba nimejaribu, ingawa nusu.

Niliingia kwa Chef na daftari langu la 1957, lile lenye madoa ya mvua ya wakati wa Mbelgiji. Nikamwambia laini mpya ni mbaya. Nguzo haikuhama. Nikamwonyesha pembe zote, umbali wote. Alifungua kurasa mbili, akalifunga.

"Hakuna signature ya Mbelgiji, Muzee."

"Nilipima mimi mwenyewe."

"Satelite iko inazunguka dunia mujima. Weye ulizunguka kilima moja." Aliegemea kiti chake, akanionea huruma, na huruma ya Philémon ni kitu kizito. "Muzee, iyo ni wivu. Batu bote mu ofisi banajua. Bakia miezi mbili yenye inabakia, uende mu retraite na amani."

Nikalichukua daftari langu. Ni kweli kwamba laini ni mbaya, na ni kweli kwamba nina wivu, na ya pili imeiua ya kwanza. Barua ilikuwa kifuani pangu, umbali wa kidole. Ningeitoa, wangeniuliza imefika lini. Nikatoka.

Jumanne, 3 Novemba

Cibalonza amekuja ofisini kwa miguu, kutoka Nyantende, na nguo yake ya kanisani. Alikaa kwenye benchi ya mlango tangu asubuhi. Hakumtaka Chef. Alimtaka Colombe.

"Mutoto yangu, ulikula kwangu. Niambie tu kama ni kweli."

Colombe alipiga magoti mbele ya benchi ile. "Maman, nilihesabu mara mbili."

"Basi hesabu mara tatu."

Mvua ilikuwa inapiga bati, na mimi nilijifanya natafuta faili.

Jumatano, 11 Novemba

Agathe leo kanikalia mbele.

"Uko unaumwa?"

"Hapana."

"Uko na mwanamuke?"

"Kwa miaka hii?"

"Basi ni ule Colombe na chuma yake. Évariste, uliangalia mutu miaka kumi akikua mu mikono yako, sasa amekuwa mukubwa, unakonda. Mwingine angekunywa bière."

Nilimwambia yeye hajui. Akasema kweli, hajui, lakini anafua nguo zangu, na koti lile silitoi mwilini siku hizi hata kwa joto. Nikatoka kwenda kuangalia mfereji wa maji nyuma ya nyumba, ambao haukuwa na tatizo lolote.

Jumanne, 17 Novemba

Siku mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika.

Mashine inajua kusema namba, lakini haijui kupanda mawe. Kuweka mawe ya mpaka kilimani kunahitaji teodoliti, na teodoliti inahitaji mimi. Ndiyo maana Chef alinijia mezani, kwa upole, kama nilivyoota. "Papa Évariste, lete teodoliti." Maneno yenyewe hasa. Nilikuwa nimeyasubiri tangu Septemba, na yalipofika yalikuwa ya kwenda kupanda uongo kwa mkono wangu.

Tulifika Nyantende saa tatu, utelezi, Land Rover ikakwama mara mbili. Cibalonza hakuwa amelia. Alikuwa anakata migomba yake. Yeye na shemeji zake wawili walikuwa wanaiangusha yote yenye mikungu, mibichi, haijakomaa, ili wasiiachie shamba la kwinini hata ndizi moja. Majani yalijaa njia yote. Mgomba ukianguka hausemi kitu. Unalala tu, maji yanatoka. Nilisimika miguu mitatu ya teodoliti katikati ya hayo, nikaangalia kwa lenzi, na kwenye lenzi kila kitu kimegeuka chini juu: Cibalonza alikuwa ananing'inia kutoka angani na panga mkononi.

Nikaelekeza. Kushoto kidogo. Kulia. Hapo. Wanaume wakachimba, wakatia jiwe. Kazi ilikuwa safi. Hata mimi, hata leo, siwezi kuweka jiwe vibaya. Mawe manne, laini moja kama uzi, na yote manne ni uongo.

Tulipofika jiwe la tatu, Colombe alinifuata nyuma ya gari. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Papa Évariste, muniangalilie kalkuli, hizi hesabu zangu. Nilizirudilia mara nne. Mulinifundisha nyinyi. Niko na hofu na sijue hofu ni ya nini."

Akanipa karatasi zake. Mwandiko mzuri, safu zimenyooka, na pembeni, kwenye karatasi ya zamani, niliona ameliandika swali langu la siku ile: *na kama satelite inadanganya?* Ameweka alama mbili za kuuliza. Alikuwa mlangoni kabisa. Kilichobaki ni mtu wa kumfungulia, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo.

Nilisoma ukurasa kwa ukurasa. Nilikuwa natafuta kosa lake, Mungu anisamehe, hata saa hiyo. Nilitaka awe amekosea mwenyewe, hata kidogo, ili dhambi igawanyike. Hakuna kosa hata moja. Anahesabu kuliko mimi. Alinipita zamani, pengine miaka mitano iliyopita, na hakuniambia kwa sababu ya heshima.

"Kalkuli iko muzuri," nilimwambia.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Akashukuru. Akarudi kwenye jiwe la nne.

Jumatano, 18 Novemba

Sikwenda kazini.

Alhamisi, 19 Novemba

Mvua mchana kutwa. Niliitoa barua, nikaikausha juu ya jiko. Wino umeanza kuingia mikunjoni.

Ijumaa, 20 Novemba

Nimempa.

Sikutafuta maneno. Niliiweka juu ya meza yake ya kuchorea, nikabaki nimesimama kama mwanafunzi. Alisoma mara moja. Akaigeuza bahasha, akatafuta muhuri wa posta.

"Ilifika lini?"

"Tarehe sita, mwezi wa kumi."

"Mbele ya kwenda Nyantende."

"Mbele."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alikaa ameweka viganja vyote viwili juu ya barua, kama inataka kuruka.

"Papa Évariste, nilifanya nini kwenu?"

"Hakuna. Walikuchagua."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, na maneno yale yalipotoka niliona jinsi yalivyo madogo. Nyumba ya mtu, migomba ya mtu, na sababu yake yote inatosha katika neno *walikuchagua*.

Akavuta utepe wote wa karatasi, akaanza kumwondoa Isidore, mstari baada ya mstari. Hakunifukuza. Nilimsomea namba, yeye akaandika, mpaka saa kumi jioni. Hesabu ilipotoka aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mita mbili," alisema. "Mita mbili tu na borne yenu. Mwaka 1957, na munyororo! Papa, muliiweka fashi yake kabisa, mahali yenyewe."

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka maisha yangu yote: mtu mwenye akili aniambie nilipima sawasawa. Nimeambiwa, na nimeambiwa na yeye. Nimetoka nje nikasimama mvuani ili nisionekane uso.

Jumatatu, 23 Novemba

Chef ameona hesabu mpya na barua, ametuita wawili. Ameshaamua: mawe yatang'olewa, Cibalonza abaki kwake. Ofisi haiwezi kuaibika, na siku ya sikukuu ni kesho.

"Tutasema barua ilichelewa mu njia. Posta ya kwetu, nani atashangaa?" Alinigeukia. "Na weye, Muzee, ulisema mbele ya wote, laini iko mubaya. Iyo njo batu batakumbuka. Imeisha."

Nilimtazama Colombe. Aliinamisha kichwa, akakubali.

Jumamosi, 28 Novemba

Tumerudi Nyantende kung'oa mawe. Mvua imetupa nafasi, jua la kweli, kilima chote kinatoa mvuke.

Garini nilimuuliza Colombe kwa nini amekubali. Alijibu polepole, akiangalia barabara:

"Mwezi wenye unakuya munaenda mu retraite. Sitaki muende na haya. Mimi niko na miaka mingi ingine ya kutengeneza jina yangu."

Hata kwa huruma ananizidi. Ninaandika hivyo na bado inaniuma. Mtu atadhani wivu unakwisha ukishaona madhara yake. Haukwishi. Unakaa palepale, unatafuta kingine cha kula.

Uwanja wa Cibalonza ulijaa watu wa kilima chote. Pale migomba ilipokuwa, kuna visiki, na machipukizi yameanza kutoka. Chef alipanda juu ya kinu, kile kile changu, akatoa hotuba. Akasema kuna satelite moja ilikuwa imestaafu na haikusema. Akasema barua ilichelewa. Kisha akaninyooshea mkono.

"Lakini tuko na muzee moja. Yeye peke yake alisimama mbele yangu na daftari yake ya 1957, akasema: Chef, laini iko mubaya! Borne haikuhama! Na ilikuwa kweli."

Makofi. Vigelegele. Mzee mmoja wa ukoo akaja kunishika mikono yote miwili. Nimekuwa Kivu miaka hamsini na tano na sijawahi kupigiwa makofi kama yale. Yalinipendeza. Siwezi kudanganya, yalinipendeza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu.

Shemeji wa Cibalonza akasema kwa sauti: "Na ule mwanamuke wa mashini? Alikula hapa, akakuya kutufukuza!"

Wengine wakaguna. Mama mmoja akatema chini. Colombe alikuwa amesimama karibu na gari, mikono nyuma, anaangalia miguu yake. Na ndipo nikaona kwamba kila kitu nilichokitaka kwenye ngazi za posta kimetimia: yeye ameaibika, mimi nimesifiwa, mashine imekosa. Kimekuja chote, kimepangwa sawasawa, kinanisubiri nikichukue.

Nikamwambia Chef ashuke kwenye kinu. Sikupanda. Nilisema nikiwa nimesimama chini.

"Barua haikuchelewa. Niliipata mimi ku posta, tarehe sita, mwezi wa kumi, mbele tukuye hapa. Niliificha mu koti. Huyu mama hakujua. Kalkuli yake ilikuwa muzuri. Niliificha juu ya wivu. Laini niliijua mubaya, na mawe niliyapanda mimi."

Chef alifunga macho. Mzee wa ukoo akaiachia mikono yangu, mmoja baada ya mwingine.

Cibalonza alikuja mbele yangu taratibu. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimeshavua kofia.

"Tarehe sita, mwezi wa kumi," alisema.

"Ndiyo, maman."

"Na mi nilikata migomba mwezi wa kumi na moja."

"Ndiyo."

Akaingia ndani. Akatoka na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, na kibuyu cha kunywea. Alikuwa ameikamua kutoka mikungu ile mibichi, kwa sababu angeifanyia nini kingine? Ilikuwa ya sherehe ya leo, ya kunishukuru mimi. Akajaza kibuyu mpaka juu, akanipa kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopewa.

"Kunywa."

Pombe ya ndizi isiyokomaa haina utamu wowote. Ni chachu na utomvu, inakaza ulimi, inakaza koo. Nilikunywa mpaka chini. Akajaza tena. Nilikunywa. Machozi yalinitoka kwa ukali wake, na labda si kwa ukali wake tu. Watu wote walikuwa wananiangalia, hakuna aliyecheka.

Alipojaza mara ya tatu, Colombe alitoka pale garini, akavuka uwanja, akanyoosha mkono akipokee kibuyu yeye, anipunguzie.

Cibalonza akamzuia kwa kiganja.

"Wacha, mutoto yangu," alisema. "Hii ni yake peke yake."

Nikakipokea, nikanywa yote.